Bunduki ya kwanza ya kuunda mwenyewe, kuwinda na shabaha, bajeti dola 1,200 (niko Ohio). Nikate wapi?

Mwana_Ujiji

Wakuu heshima kwenu, wakubwa shikamooni. Niko Columbus mwaka wa sita huu, grini kadi ninayo, napiga kazi ghala, na pale kazini kuna jamaa wawili wameniambukiza ugonjwa wa kuwinda. Mwaka jana baada ya Thanksgiving walinibeba mpaka shamba la mjomba wa mmoja wao, mi nilikuwa nimekaa tu juu ya kiti cha mtini naangalia, baridi imenishika mpaka meno yanagongana, ila tangu siku ile sina raha, nataka msimu ujao na mimi niwe na ya kwangu. Kozi ya usalama ya wawindaji nshamaliza.

Sasa ya dukani iliyokamilika siitaki. Nataka niunde kipande kwa kipande maana naona vijana YouTube wanaunda mezani jikoni na inapiga tundu moja kwenye karatasi. Na nataka moja ifanye kazi mbili, dia (deer, swala mkubwa wa huku) msimu wa bunduki, halafu Jumamosi za kawaida renji (uwanja wa shabaha), siku moja nifike hata yadi 500. Bajeti ni 1,200 pamoja na darubini, mama watoto ashasema ikifika 1,201 nikalale nayo kwenye gari.

Nilichopanga: akshoni (ile sehemu ya kati yenye bolti) ya mfumo wa Remington 700, mtutu mzito inchi 26 wa risasi ya 6.5 Creedmoor, chasi ya alumini (kiunzi badala ya kitako cha kawaida), triga ya Timney au TriggerTech, darubini ya 6-24x50 (inakuza mara 6 mpaka 24), na miguu miwili ya mbele. Nikijumlisha nagonga 1,700 na kitu. Kwa hiyo swali langu nikate wapi, akshoni ya bei chee au darubini ya bei chee? Kuna mtu kaniambia darubini za dola 60 za mtandaoni zinatosha kabisa. Na je 6.5 au .308? Jibuni mapema wakuu, mtutu uko kwenye kikapu tayari, bado kubonyeza tu.

Mzee_wa_Dayton

Marahaba. Toa huo mtutu kwenye kikapu kwanza ndio tuongee.

Umesema Ohio, umesema dia. Ohio huruhusiwi kumpiga dia na 6.5 Creedmoor, wala .308, wala .243, wala .30-06 ya babu zao. Msimu wa dia hapa raifo inayokubalika ni ile ya risasi ya ganda lililonyooka tu, kipenyo kuanzia inchi .357 hadi .50. Ganda lililonyooka maana yake halina shingo kama chupa ya soda, chini mpaka juu ni kama bomba. Hizo zote ulizozitaja zina shingo. Zamani hapa ilikuwa shotgani tu (na zile za kupakia baruti mdomoni, na bastola), hizi raifo za ganda lililonyooka zimeruhusiwa 2014, kwa hiyo wenzio kazini nina hakika walikuwa wamebeba .350 Legend au .450 Bushmaster au shotgani, hukuangalia tu kwa sababu ya baridi.

Sababu ni kwamba nchi ni tambarare na nyumba zimetawanyika, risasi ya shingo ikikosa dia inasafiri mbali sana. Mi binafsi nakubaliana nayo.

Na msimu huo huo jumla ya risasi kwenye bunduki isizidi tatu, chemba na magazini pamoja. Na nguo ya rangi ya chungwa. Na ruhusa ya mwenye shamba iwe ya MAANDISHI, hata kama ni mjomba wa rafiki yako na mmekula naye pilau, askari wa wanyama akikukuta anataka karatasi.

Ukivuka mto kwenda Kentucky au ukienda West Virginia hiyo 6.5 yako ni halali kwa dia. Mi nilifanya kosa hilohilo, nilinunua .270 nzuri sana kabla sijasoma kijitabu cha kanuni, miaka mitatu naivusha mpaka kama mgeni na leseni ya mgeni inauma kuliko ya mwenyeji. Kijitabu kinatoka kila mwaka na ni bure, chukua cha mwaka huu, usinitegemee mimi wala mtu wa YouTube anayeishi Texas.

Kip_wa_Eldy

Mimi niko Eldoret nasoma huu uzi kama sinema. Huku kwetu uwindaji ulifungwa 1977, sijazaliwa hata. Endeleeni wasee, nimekaa mbele na chai.

Bongo_Nyumbani

@Kip_wa_Eldy sisi Bongo uwindaji upo, ila hiyo habari ya mtutu kwenye kikapu ndio inanichekesha. Huku silaha mpaka uombe kibali chini ya ile sheria ya 2015, useme ya nini, uchunguzwe, ndio upate. Na wanyama hatari kama nyati hauendi na hizo za kubembeleza, kuanzia .375. Ila endelea mkuu, nataka kujua mwisho wake, hasa wa mke.

fundi_mtutu

Mzee kashamaliza la sheria, mi niongezee la ufundi maana ndio kazi yangu ya pili, nina benchi kwenye gereji na naunda za watu wa renji Kentucky huku.

Mwana_Ujiji orodha yako sio mbaya, ni ya mtu mwingine tu. Hiyo ni bunduki ya mashindano. Mtutu mzito wa inchi 26, chasi ya alumini, darubini ndefu vile na miguu, unaangalia pauni 13 au 14, kilo 6 na zaidi. Renji raha tupu, haitingishiki, begani hausikii kitu. Sasa ipandishe kwenye kiti cha mtini saa kumi na moja alfajiri na glovu mkononi. Bunduki ya kuwinda mtu anataka pauni 7 au 8 darubini ikiwa juu yake. Kazi mbili kwa bunduki moja inawezekana ila lazima ujue upande upi unaumia, na kwa mara ya kwanza mi ningeuacha uumie wa renji.

La pili. Kuunda kutoka sifuri HAKUPUNGUZI gharama. Hili vijana hawaambiwi. Kiwanda kinanunua mitutu kwa maelfu, wewe unanunua mmoja. Akshoni peke yake ya mfumo wa 700 yenye heshima inakula nusu ya hela yako kabla hujagusa kitu kingine. Mfumo wa 700 watu wanaupenda kwa sababu upo tangu 1962 na kila kitako, kila triga, kila chasi duniani inatengenezewa ule kwanza. Kweli. Lakini mtutu wake kwa kawaida unahitaji fundi mwenye mashine aukaze na kupima chemba, sio mezani jikoni.

Ukitaka kuunda kwa bajeti dawa ni bunduki za kampuni ya Savage. Savage 110 ipo tangu 1958 na mtutu wake unafungwa na nati kubwa pale mbele ya risiva (mwili wa akshoni). Unalegeza nati, unatoa mtutu, unaweka mwingine wa tayari, unapima chemba kwa geji mbili, moja bolti lazima ijifunge juu yake na nyingine lazima ikatae. Ikikubali zote mbili SIMAMA, chemba ni ndefu mno na ganda linaweza kupasuka usoni kwako. Geji ni za kila risasi na yake, za .223 hazipimi .350. Mara ya kwanza mpelekee fundi akuangalie, ni hela ndogo kuliko jicho.

Sasa utamu uko hapa. Ukingo wa chini wa ganda la .350 Legend, ule unaoshikwa na bolti, una kipenyo sawa na wa .223, inchi .378. Maana yake bolti inayoshika moja inashika na nyingine. Kwa hiyo akshoni moja, mitutu miwili: .350 kwa dia wa Ohio, .223 kwa renji na kwa koyote (mbwa mwitu wadogo wa huku), ambao Ohio hawana msimu wa kufungwa. Kinachosumbua ni magazini, ya .223 hailishi .350 vizuri na kinyume chake, kila mtutu ununue na magazini yake na umuulize muuzaji kabisa kama inaingia kwenye kitako chako kabla hujalipa. Duka moja liliniuzia magazini "ya zote" na mpaka leo naitumia kushikia mlango.

Mwana_Ujiji

Aisee. Nimetoa mtutu kwenye kikapu, mikono inatetemeka kidogo. Jumatatu nimewauliza jamaa kazini, kweli wote wana .350, wakacheka sana, mmoja akasema alidhani najua.

Sasa fundi maswali mawili. Hiyo kubadilisha mitutu naweza kufanya kila wikendi? Na hiyo .350 inafika wapi maana mi nilikuwa na ndoto za yadi 500. Halafu triga, Timney ninunue au niache?

fundi_mtutu

Kila wikendi hapana, usijidanganye. Ukibadilisha mtutu darubini yote inaanza upya, unachoma risasi 10 au 15 kurudisha sifuri (risasi ipige pale pale darubini inapolenga), na nati inataka kibano cha mtutu na spana yake. Wateja wangu wenye akili wanabadilisha mara mbili kwa mwaka, Oktoba wanaweka wa dia, msimu ukiisha wanarudisha wa renji.

.350 ni ya yadi 200 na ndani ya hapo. Ile ya greni 150 (ndio uzito wa kichwa cha risasi) inatoka na futi 2,300 na ushee kwa sekunde, ukiweka sifuri yadi 100 ukifika 200 imeshuka inchi 8 hivi. Eneo la moyo na mapafu ya dia ni kama sahani ndogo, inchi 8 na yenyewe, kwa hiyo unaona mwenyewe ukisahau kufidia umekosa au mbaya zaidi umejeruhi. Kwenye shamba la Ohio lakini wengi wanapiga chini ya yadi 100, miti na mahindi hayakupi nafasi ya kuona mbali. 500 ni kazi ya .223 na karatasi, mtutu wenye msokoto wa 1 kwa 9 (mifereji ya ndani inazunguka mara moja kila inchi 9) mpe greni 55 mpaka 69, ukitaka zile nzito za 77 tafuta 1 kwa 8 au 1 kwa 7.

Triga acha. AccuTrigger, triga ya Savage wenyewe, inakuja na kifaa chake unairekebisha mwenyewe, weka pauni 3 uondoke. Nyepesi zaidi ya hapo ni ya benchi, sio ya mtu mwenye glovu na mapigo ya moyo 140.

Dada_Renji

Nimekaa kimya nawasikiliza wanaume mnaongea mitutu tu, niingie kwenye darubini maana hapo ndipo anakwenda kuumizwa.

Kaka Ujiji, ya dola 60 USINUNUE. Nilikuwa nayo. Kila nikipiga nukta inahama yenyewe, miezi miwili najiona mimi ndiye sijui kupiga, nabadilisha pumzi, nabadilisha kidole, nabadilisha risasi za bei mpaka karibu nilie, kumbe ndani ya darubini kitu kimelegea. Siku niliyoazima ya mwenzangu nikapiga tatu zikagusana. Hela niliyochoma kwa risasi ile miezi miwili ingenunua darubini ya maana mbili.

Wala 6-24x50 huihitaji. Ukubwa ukiwa 6 kwa chini na dia katokea yadi 30, unachoona ni manyoya ya kahawia hujui ni bega au tumbo. Chukua 3-9x40 ya kawaida ya kampuni inayorudisha ikiharibika, Leupold VX-Freedom, Vortex, za dola 150 mpaka 300, alfajiri na jioni ndipo dia wanatembea na ndipo kioo cha bei rahisi kinageuka ukungu. Ukishazama kwenye renji kweli kweli ndio ununue ya pili.

Na tafadhali, vile vishikio vya darubini visikazwe kwa hasira. Nunua spana ndogo ya kupimia nguvu, ile ya inchi-pauni. Skrubu za juu za pete nyingi wanataka 15 mpaka 18 tu, soma karatasi ya pete zako. Nimeona mtu kaminya bomba la Leupold mpya likawa na kiuno kama nyigu. Kabla ya kukaza vaa koti lako la baridi, funga macho, weka bunduki begani kama unavyoweka, fungua macho, ukiona duara zima bila kivuli hapo hapo ndipo inapokaa. Ukipima na fulana ukaenda kuwinda na koti nene jicho linakuwa limerudi nyuma na picha inapotea.

Kipimo cha MOA (cha risasi zinavyotawanyika) watakutisha nacho, ni inchi moja na nukta kidogo kwa yadi 100, yadi 200 mbili, basi. Bunduki ya kiwandani ya bei ya chini leo inapiga MOA 1 na nusu bila shida na dia hajui tofauti yake na nusu MOA.

La mwisho, hela utakayobakiza weka kwenye risasi, sio kwenye alumini. Maboksi matano ya aina moja, namba moja, siku moja. Kila ukibadilisha aina sifuri inahama. Na kama unataka kupiga sana kwa senti chache nunua .22 ndogo baadaye, mi nimejifunza triga yote kwa .22.

Kijana_Chuo

Samahani naomba kuuliza, mimi niko hapa kwa viza ya mwanafunzi, F-1, na mimi naweza kuunda ya kwangu? Naona grini kadi kasema ndio.

Mzee_wa_Dayton

Mwanangu wewe subiri, usiguse hata ya rafiki kwenye picha. Sheria ya serikali kuu inawakataza wenye viza za muda kumiliki AU kushika bunduki na risasi, ipo mianya michache na mmojawapo ni kuwa na leseni halali ya kuwinda, lakini hilo usilifanye kwa ushauri wa uzi kama huu, nenda ofisi ya wanafunzi wa kigeni chuoni au kwa wakili wa uhamiaji kwanza. Kosa la namna hiyo halina faini halafu yaishe, linakugusa viza.

Wa grini kadi ni tofauti, anajaza fomu 4473 kwa muuzaji mwenye leseni kama mwenyeji, anaweka na namba yake ya uhamiaji, rekodi zinakaguliwa. Na Mwana_Ujiji kumbuka akshoni peke yake kisheria NI bunduki, hata ikiwa chuma tupu bila mtutu. Haitumwi nyumbani kwako, inatumwa kwa muuzaji mwenye leseni, unaenda kujaza fomu pale na analipisha ada yake, hiyo nayo weka kwenye bajeti. Mtutu, kitako, darubini, hizo zinakuja mlangoni kama viatu.

fundi_mtutu

@Dada_Renji umemaliza. Hapo kwa kiuno cha nyigu nimecheka kwa uchungu, nimepokea tatu za namna hiyo mwaka huu.

Ila kwenye alumini nakukatalia kidogo. Kile kitako cha plastiki cha Savage za bei ya chini ni laini, ukiegemea kwenye mfuko wa mchanga kinapinda kinagusa mtutu na risasi zinaanza kutawanyika. Sio lazima chasi lakini. Pitisha karatasi ya noti kati ya mtutu na kitako, iteleze mpaka karibu na risiva bila kukwama. Ikikwama shika msasa, futa ndani taratibu mpaka noti ipite. Dola 3 za msasa. Siku ukiwa na hela weka kitako cha mbao zilizogandishwa za Boyds, kizito kidogo, kinatulia, na ni kizuri macho.

Mwana_Ujiji

Wakuu nimerudi, wiki tatu zimepita nadaiwa majibu.

Nimenunua Savage ya .350 Legend nzima kutoka duka la hapa, 430. Ndio najua, nilisema ya dukani siitaki. Leupold 3-9x40 nimeikuta imeshushwa bei 230, msingi na pete 45, maboksi matano ya greni 150 yamenitoka 140, koti la chungwa 15. Na kodi yao nimefika 930 hivi. Zimebaki 270 nimeziandikia "mtutu wa .223 mwezi wa pili" kwenye bahasha na nimempa mama watoto aishike yeye, nikaona amelainika.

Noti ilikwama upande wa kushoto, nikapiga msasa nikiwa nimekaa kwenye ndoo gereji nusu saa, nikajiona fundi kabisa. Darubini nimefunga na koti la baridi mwilini mwezi wa nane, jirani kapita akaniangalia hakusema kitu. Renji ya Delaware ya hapa Ohio Jumamosi risasi 40, tatu za mwisho yadi 100 nimezifunika na kifuniko cha chupa ya maji, karibu. Bega linauma kidogo ila sio kama walivyonitisha wa .450.

@Mzee_wa_Dayton fomu ya ruhusa mjomba wa jamaa kaisaini juzi. Kasoma mstari kwa mstari kama mkataba wa nyumba, akauliza kama najua dia anachunwaje, nikamwambia Ujiji nimechuna mbuzi tangu nina miaka tisa, akasema basi wa kwanza mguu wa nyuma ni wake.

Kip_wa_Eldy

Na mke amesemaje kuhusu nyama? Chai yangu imepoa.